Majibu yetu si ya kufungia maandazi: barua ya wazi kwa wakuu wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini

Kwa Wakurugenzi, Mameya, Wenyeviti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

Yah: Madodoso mnayotujazisha

Shikamooni wale mlionizidi umri. Wengine, habari za kazi.

Mwezi wa tisa mwaka juzi, kama saa mbili asubuhi, nilimtuma kijana wangu wa dukani akaniletee maandazi mawili ya chai. Akayaleta yamefungwa kwenye karatasi. Mimi nina steshenari hapa Uyole, macho yangu hayaachi karatasi ipite bila kusomwa, nikaigeuza. Ulikuwa ukurasa wa tatu wa dodoso. Swali la 14: ni huduma gani katika mtaa wako inahitaji kuboreshwa kwanza? Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mtu aliyeandika amesimama: "Maji. Tunaamka saa nane usiku kupanga ndoo." Swali la 15 lilikuwa limelowa mafuta, halikusomeka. Juu kabisa palikuwa na jina la mhojiwa na namba yake ya simu.

Nilikwenda kwa mama wa maandazi nikamuuliza ametoa wapi. Akaniambia amenunua kwa kilo, kama anavyonunua magazeti ya zamani, na bado anayo mengine chini ya meza. Nikayanunua yote.

Sitasema ni ya halmashauri ipi. Sijui nani aliyatoa ofisini, na siandiki ili mtu aitwe kujieleza. Naandika kwa sababu ule mwandiko naujua ulivyopatikana. Agosti 2022 nilikuwa karani wa Sensa, nikapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi, na tangu hapo nimeitwa mara tatu kwenye kazi za kukusanya maoni ya wakazi kuhusu huduma. Nimegonga mageti mengi. Kila geti nimeacha ahadi ileile niliyofundishwa kwenye semina: "Maoni yako yatasaidia halmashauri kupanga maendeleo." Bibi mmoja aliniitikia, "Ndaga, mwanangu. Basi mtakuja kutuambia?" Nikasema tutakuja. Hatukwenda, na wala haikuwa kwenye ratiba.

Ombi langu ni hilo la bibi. Mkituuliza, rudini kutuambia tulisema nini na ninyi mmeamua nini, kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti. Mengine nitakayoyasema humu ni ya kulisaidia hili lifanyike vizuri.

Najua mtasema wananchi wana mikutano yao. Ni kweli, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe angalau kila miezi mitatu, na mitaa nayo ina mikutano yake. Katiba yenyewe, Ibara ya 146, inasema wazi: "Madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi." Mimi naiheshimu mikutano hiyo, na mihtasari yake huwa naichapa hapa dukani. Lakini kwa kuwa naichapa, nayaona majina. Mahudhurio ya mkutano wa leo na wa mwaka jana unaweza kuyanakili bila kugusa kitu: wazee walewale, wajumbe walewale, mama mmoja au wawili wa kwaya. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mama lishe yuko jikoni, kijana wa bajaji yuko Mafiati anagombea abiria, fundi yuko juu ya paa la mtu, na mpangaji wa chumba kimoja hata hajui kwamba mkutano unamhusu. Wanaokuja wanasema ya kwao, na ni haki yao. Ila huwezi kusema mtaa umesema.

Hapo ndipo dodoso lina kazi, maana linamfuata asiyekuja.

Wapo wanaonicheka nikisema hivi, kwamba watu mia nne watasema ya jiji zima? Nawapeleka kwa wanunuzi wa mpunga. Mnunuzi mzoefu akifika Mbarali au Kyela hafungui magunia yote. Ana bambo lake, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa punje. Analichoma pembeni, analichoma katikati, analichoma chini karibu na kitako cha gunia, maana anajua muuzaji mjanja huweka mpunga mzuri juu. Punje zinazojaa kiganja kimoja zinamwambia bei. Dodoso ni bambo. Kaya 400 zikichaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, asilimia utakayoipata itakosea kwa pointi tano hivi juu au chini, mara 19 kati ya 20, iwe mji una watu laki moja au laki tano. Kwa maswali kumi, karani anamaliza nyumba kumi kwa siku bila kukimbia. Makarani ishirini, siku mbili, kazi imekwisha.

Ila msije mkachukua hiyo 400 mkaigawa kwa kata. Jiji la Mbeya lina kata 36, kila kata itabaki na watu kumi na mmoja, na kumi na mmoja hao hawawezi kuisemea kata. Anayetaka majibu ya kata aongeze idadi, au aamue mapema kata zipi anazilinganisha.

Na ile "bahati nasibu ya kweli" ndipo tunapoiba. Niseme tu, sisi makarani. Ukiniachia nichague nyumba mwenyewe nitachagua iliyo karibu na lami, isiyo na mbwa, ambayo mwenyewe yuko barazani. Mitaa ile inayopanda kuelekea mlima Loleza, ambako mvua ikinyesha unapanda kwa magoti, itapata nyumba mbili za chini kabisa. Na hao wa juu ndio wanaobebwa kwa machela mtu akiugua usiku. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina ramani za maeneo ya kuhesabia tangu Sensa ya 2022, na mikoani ina watu wake. Waombeni wawachagulie maeneo na nyumba, karani apewe orodha, akikuta mtu hayupo arudi jioni. Jioni, siyo kuhamia kwa jirani.

Nyumba moja upande wa Iyunga nilimkuta mume na mke. Mume akajibu yote. Shida kubwa? Barabara. Nikaandika barabara, nikaaga. Nimefika getini nasikia, "Dada karani, wee dada!" Mke ananikimbilia, mikono ina maganda ya maharage. "Baba Neema kasema barabara kwa kuwa ana bajaji. Mimi niandikie maji." Nikaangalia dodoso. Lilikuwa na nafasi moja kwa kaya moja, na nafasi hiyo nilikwishaijaza. Nikamwambia nitaandika. Niliandika pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, mahali ambapo anayeingiza majibu kwenye kompyuta hapaangalii.

Mpaka leo najiuliza, katika nyumba zile mia na ushehe nilizopita, ni mama wangapi hawakunikimbilia.

Dawa yake ipo na si ngeni. Ndani ya nyumba pigeni kura ndogo mtu mzima yupi ajibu, halafu aulizwe peke yake. Na mjumbe atupeleke mpaka mlangoni, asalimie, aondoke. Mjumbe akikaa nasi kwenye mkeka huduma zote zinageuka "nzuri". Zahanati nzuri, takataka zinazolewa vizuri, mtendaji mzuri sana.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wanaotoka Dodoma na Dar kutuandalia maswali hawalijui, ila ninyi wa huku mnalijua. Ukituuliza Septemba, tutasema maji. Visima vimekauka, mabomba yanakoroma, vumbi tupu. Ukituuliza Machi, tutasema barabara, kwa sababu Machi ndiyo gari la viazi linalala njiani siku mbili na viazi vinaozea kwenye turubai. Mtaa ni uleule na watu ni walewale. Kwa hiyo akija mtu na ripoti kwamba kipaumbele cha wananchi kimebadilika kati ya mwaka huu na uliopita, muulizeni kwanza aliuliza mwezi gani. Ama muulize mara mbili kwa mwaka, ama muulize mwezi uleule kila mwaka. Mimi ningechagua Agosti. Mavuno mengi yamekwisha ingia ndani, baridi imeanza kulegea, mvua bado, watu wako nyumbani. Na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo majibu ya Agosti yanawafikia maofisa mipango wakati rasimu ya bajeti ya mwaka unaofuata haijaanza kuandikwa. Nimewahi kutumwa kukusanya maoni mwezi wa nne. Mwezi wa nne bajeti imekwisha pita kwenye Baraza! Tulikuwa tunauliza nini?

Sasa lumbesa. Nanyi mnaijua vita ya lumbesa ya viazi, gunia linaongezewa kilemba juu mpaka linapita kilo mia, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Madodoso yenu ni lumbesa. Nimewahi kubeba dodoso la kurasa kumi na nne: kila idara imechomeka maswali yake, na mfadhili naye ya kwake juu. Kufika ukurasa wa sita mhojiwa anajibu "ndiyo" ili uondoke, akiunguza ugali kwa ajili yako. Majibu ya kurasa za nyuma si majibu, ni huruma. Chukueni maswali kumi ambayo mnajua kabisa, jibu likiwa hivi tutafanya hivi, likiwa vile tutafanya vile. Swali ambalo jibu lake halitabadilisha kitu lisipande gari.

Na liulizwe kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu. Mtaa mmoja wakazi waliulizwa, "Je, mngependa kujengewa soko la kisasa?" Nani atasema hapana? Soko likajengwa, zuri, bati jekundu, vizimba vya saruji. Leo vizimba hivyo vinaanikiwa mahindi. Mama yangu mkubwa, ambaye ana kizimba mle kwa jina lake, bado anauza viazi kandokando ya lami na anakimbizana na mgambo. Hakuna aliyemuuliza unauzia wapi sasa, na kwa nini hapo. Angewajibu kwa sentensi moja: mteja wake anashuka kwenye hiace, ananunua sado moja, anavuka barabara. Hatembei nusu kilomita kufuata bati jekundu. Watu hawajui kusanifu soko, wala si kazi yao. Wanajua siku yao inavyokwenda, na hicho ndicho cha kuwauliza.

Hapa naomba niseme kitu kwa upande wenu pia, maana nimewahi kuona afisa mipango akilia na karatasi zake. Mkituuliza shida kubwa, tutawajibu maji na barabara mpaka mwisho wa dunia. Na ninyi hamchimbi maji wala hamlimi barabara hizo. Barabara za wilaya na za mitaani zilikwenda TARURA tangu 2017, barabara kuu ni za TANROADS, maji ya vijijini yako RUWASA kwa sheria ya 2019, maji ya mjini yana mamlaka yake. Mwananchi haijui mipaka hiyo na hana haja ya kuijua. Kwake "serikali" ni moja. Basi dodoso lipokelewe kwa sehemu mbili. Yale ya wengine yapelekwe kwao kwa barua, na nakala ya barua ibandikwe mtaani tuione. Yale yaliyo mikononi mwenu yapate maswali ya ndani zaidi: zahanati, vyumba vya madarasa, masoko na stendi, takataka, ile asilimia kumi ya mapato yenu ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwenye mikopo, kwa mfano, swali zuri si "je, umeridhika". Uliza: umewahi kusikia tangazo lake, na ulilisikia wapi? Nusu ya kazi yenu ya mwaka mzima iko ndani ya jibu hilo.

Tusijifanye kwamba hili ni jambo la Ulaya. Mwaka 2003, na tena 2006, watafiti wa REPOA, taasisi ya utafiti ya hapa nchini, wakishirikiana na wenzao wa Norway walihoji wakazi 1,260 katika halmashauri sita nchini, watu 210 kila halmashauri, kuhusu huduma, kodi na imani yao kwa viongozi. Mojawapo ya sita hizo ilikuwa Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Walirudi palepale na wakaweza kulinganisha. Miaka ishirini na zaidi imepita tangu wazee wa Iringa waanze kuulizwa mambo haya kwa utaratibu unaoeleweka, na sisi bado tunafanya semina ya kuelezana umuhimu wa takwimu. Kabla ya hapo, mwaka 1994, mjini Bangalore nchini India, raia walizipa idara za mji alama kama mwalimu anavyompa mwanafunzi, matokeo yakatangazwa magazetini idara kwa idara, kisha wakapimwa tena 1999 na 2003. Kilichowasukuma wakubwa kule si alama zenyewe. Ni kujua kwamba alama zitatoka gazetini, na kwamba wapimaji watarudi.

Simu nazo zinasaidia. Shirika la Twaweza wamekuwa wakipiga simu kwa wananchi kupitia utafiti wao wa Sauti za Wananchi tangu 2013, na walipoanza waliwagawia wahojiwa simu na chaja za sola, kwa sababu walijua ukimpigia mwenye simu tu utapata ya wenye simu. Kumbukeni hilo kabla hamjatengeneza kiungo cha WhatsApp mkakiita maoni ya wananchi.

Pale nyuma niligusia jina na namba ya simu kwenye ile karatasi. Hili halina utani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mtu ameniambia mimi karani kwamba mtendaji wake anaomba chochote kabla ya kugonga muhuri, akaamini siri itakaa, halafu jina lake linazungushwa sokoni na andazi. Kwa swali la takataka mnataka jina la nini? Namba ya NIDA ya nini? Andikeni mtaa, umri, jinsia, basi. Kama mnahitaji namba ya kumhakiki karani, kaeni nayo kwenye karatasi ya peke yake na mkishahakiki mchome. Watu wa huku ni wapole ila hawasahau. Safari ya pili watakukaribisha, watakupa na maparachichi, na hawatakuambia kitu.

Sasa kuhusu kurudi. Sitaki kitabu. Tulikwisha kuwa na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuja utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vijiji vikakaa siku nzima nzima, wakachora ramani chini kwa vijiti, wakaandika mipango. Kazi nzuri, wazee bado wanaikumbuka. Lakini orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu kuliko mfuko, na sehemu nyingi hakuna aliyerudi kusema hiki kimeingia na hiki kimeanguka. Watu wakajifunza kwamba kuulizwa ni aina ya sherehe.

Nataka ukurasa mmoja. Upande wa juu: tuliwauliza mwezi fulani, watu kadhaa, hiki ndicho mlichosema. Chini: hiki tumekiweka kwenye bajeti, kwa kiasi hiki cha fedha, kitaanza robo ya ngapi. Chini yake, na hii ndiyo sehemu nitakayoisoma kwanza, yale mliyoyakataa na sababu. Mliomba gari la takataka mara mbili kwa wiki, tumeshindwa, gari ni moja na mafuta ni kiasi hiki. Tutakasirika kidogo. Halafu tutaelewa, kwa sababu sisi pia tuna nyumba na mishahara haitoshi, tunajua kumwambia mtoto kiatu mwezi ujao. Tusichokielewa ni kimya. Ukurasa huo ubandikwe kwa mtendaji, kwenye zahanati, msikitini na kanisani, na kwenye kibanda cha bajaji maana pale ndipo panasomwa. Diwani ausome mkutanoni kwa sauti yake na aulizwe maswali. Wenyeviti wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024 wapewe wiki mbili kukusanya pingamizi, ndipo Baraza likae.

Mwaka unaofuata rudini na maswali yaleyale. Mkibadilisha maneno ya swali, hata kidogo, mmekata uzi. Nimeona "Je, huduma ya zahanati inaridhisha?" ikigeuzwa mwaka wa pili kuwa "Je, umeona maboresho katika zahanati?" halafu ripoti ikasema wananchi wameridhika zaidi.

Yale makaratasi niliyoyanunua kwa mama wa maandazi ninayo, kwenye boksi la rimu chini ya kaunta. Nimekata majina na namba za simu kwa mkasi nikayachoma, majibu nimeyaacha. Ni kurasa 212. Jioni biashara ikipoa huwa nayasoma. Yupo aliyeandika kwamba taa ya barabarani iliwekwa mbele ya nyumba ya mkubwa na siyo kwenye kona ya wizi. Yupo aliyeandika "Hakuna shida, asante kwa kuuliza." Mwenye mali akijitambua aje ayachukue, simdai hata ile pesa ya kilo.

Na kwa halmashauri yoyote itakayotoa ule ukurasa mmoja mwaka huu: kwa mtaa wangu, nakala nitatoa mimi bure. Nileteeni mapema tu, mashine yangu ikipoa asubuhi inachelewa kushika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa zamani, mwenye steshenari,
Uyole, Mbeya